Picha Hamsini Kati ya Nguzo Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kaka,

Sasa hivi tu mpwa wako Chiriku amemwaga kopo zima la vifungo vya Fundi sakafuni. Amevipanga mstari kutoka mguu wa cherehani mpaka mlangoni, akachukua kile kikubwa cha koti, akakisukuma kwa kidole, vuuuu, mpaka kikamgonga kadogo keupe. Nikamuuliza, "Huo mchezo gani, mama?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Hii pikapu. Huyu baba. Baba hakuangalia."

Ana miaka minne, kaka. Hayo maneno si yake. Ni maneno ya ile karatasi ya polisi, Fundi alinisomea hapa dukani wiki iliyopita, nikadhani mtoto yuko kwenye vitambaa vyake anacheza. Karatasi inasema pikapu ilikuwa ikienda kilomita arobaini na tatu kwa saa, na barabara yetu inaruhusu hamsini. Inasema marehemu alijitokeza ghafla na baiskeli bila kuangalia. Kwa hiyo mume wangu amejiua mwenyewe, na yule dereva ni shahidi tu wa mkosi wake.

Sasa sikia. Dereva huyo kila siku anapita hapa na saruji za bosi wake, na akifika mbele ya duka anapiga honi. Juzi alisimama kununua uzi, uzi wa nini mimi sijui, akamwambia Fundi, "Mwambie shemeji apunguze kununa. Mimi siku ile nilikuwa naenda mwendo wa bibi harusi." Mimi niko hapohapo natia vifungo kwenye shati. Nilijidunga sindano mpaka damu ikaingia kwenye kola.

Sitaki pole tena, kaka. Pole nimepewa za kutosha, ningezifungulia duka. Namtaka yeye. Nataka anyang'anywe leseni, afungwe, atembee kwa miguu mpaka soli ziishe. Kesi inasomwa tarehe 10 Julai, na mwendesha mashtaka ameniambia kwa karatasi hii hakuna kesi.

Wewe unashinda kutwa unapima magari yaliyobondeka. Kamera ya Fundi, ile aliyoiweka juu ya mlango baada ya kuibiwa majora, iliona yote. Polisi walichukua nakala, na yeye bado anayo yake. Niambie nifanye nini. Simu nimezima, watu wa mwenye pikapu wananipigia kunibembeleza.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mdogo wangu,

Vizuri umeandika. Hesabu inataka karatasi, ya simu hupeperuka.

Usikate tamaa na usimfuate huyo mtu barabarani. Nakujua. Ulipokuwa darasa la tatu ulimng'ata mtoto wa jirani kwa kosa la kaka yake.

Mwendo ni umbali kugawanya kwa muda. Ulifundishwa, labda ile siku uliyotoroka shule. Kwa hiyo tunatafuta vitu viwili tu. Kwanza umbali: chagua nguzo mbili za taa ambazo pikapu ilizipita kabla hajakanyaga breki, upime kati yake. Usipime kwa hatua. Mtu mwenye hasira ana hatua ndefu, na wakili atakucheka. Pima kwa kitu chenye namba.

Pili muda. Kamera haioni kama jicho, inapiga picha mojamoja, nyingi, halafu inazipitisha haraka. Mwambie Fundi asimamishe, awe anasogeza picha moja moja. Anza kuhesabu pale pua ya pikapu inapofika nguzo ya kwanza, uache inapofika ya pili. Kwenye boksi la kamera pameandikwa inapiga picha ngapi kwa sekunde. Gawanya, utapata sekunde. Kisha mita gawanya kwa sekunde, jibu lizidishe kwa tatu nukta sita, utapata kilomita kwa saa.

Hesabu gari tu. Baiskeli iache, haihusiki. Gari likishapita nguzo ya pili, zima.

Msalimie Chiriku. Mwambie mjomba anasema vifungo si magari.

Kaka yako


Jumatano, tarehe 12 Juni

Kaka,

Nimepima. Asubuhi kabla magari hayajawa mengi, mimi mwisho huu, Fundi mwisho ule, na tepu yake ya kupimia nguo. Ina mita moja na nusu. Tuliilaza ishirini na sita, tukaongeza mita moja. Arobaini. Watu wa bajaji wakaanza: "Fundi, barabara unaishonea suruali?" Fundi akawajibu, "Ndiyo, na nyinyi mtakuwa zipu."

Kuhesabu picha ndiko kulikonitoa jasho. Nikifika thelathini naliona gari linavyokuja, kichwa kinaruka, naanza upya. Mwisho nikachukua kopo la vifungo. Fundi akisogeza picha moja, mimi naweka kifungo kimoja kwenye sinia. Pua ya pikapu kufika nguzo ya pili, nikahesabu sinia. Hamsini. Tukarudia, hamsini. Na uliposema nizime hapo nilizima. Nimeelewa, umenionea huruma nisimwone. Asante kaka.

Sasa boksi. Boksi limeandikwa picha kumi na tano kwa sekunde. Nikagawanya na kalamu, Fundi na kikokotoo, tukapata sekunde tatu na kidogo, na mwisho wa yote kilomita arobaini na tatu. Ileile ya polisi. Kumbe na wao walisoma boksi. Kaka, nilikaa chini kwenye vipande vya vitambaa nikalia. Nilisema kumbe kweli. Bibi harusi.

Fundi akaendelea kukunja tepu yake. Kisha akasema kama anayejisemea, "Mimi mteja akiniambia shati lake lina lebo ya saizi arobaini, huwa sishoni arobaini. Nampima kifua." Nikamwangalia. Na yeye akaniangalia.

Nikatoa saa ya ukutani, ile ya duara yenye mshale mwekundu wa sekunde. Nikapanda kwenye kiti, nikaishika mbele ya kamera mpaka mikono ikafa ganzi. Halafu tukarudi kuhesabu picha kutoka mshale ukiwa juu mpaka umetembea sekunde kumi. Vifungo havikutosha, tukachanganya na maharage. Mia mbili hamsini. Mara ya pili, mia mbili hamsini. Mara ya tatu alihesabu Fundi peke yake, mimi nimegeukia ukuta: mia mbili hamsini.

Ni ishirini na tano kwa sekunde, siyo kumi na tano. Ndipo Fundi akakumbuka kwamba mpwa wake aliyemfungia aliiongeza kasi ili sura za wezi zionekane.

Picha hamsini ni sekunde mbili. Mita arobaini kwa sekunde mbili. Zidisha mwenyewe kaka, mimi nimeshazidisha mara saba. Sabini na mbili.

Alipopita jana na honi yake nilimpungia mkono. Akashangaa. Ashangae.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 17 Juni

Mdogo wangu,

Nimemwonyesha bosi wangu barua yako bila kumwambia imetoka kwa nani. Akauliza, "Huyu mkaguzi yuko ofisi gani?" Nikamwambia yuko ofisi ya vifungo. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, na mimi ningesoma boksi.

Sabini na mbili ni sahihi. Mita ishirini kila sekunde.

Mpelekee mwendesha mashtaka, lakini usimpe jibu peke yake. Mwambie wampeleke mpimaji wao na saa yao, ashike mbele ya kamera ileile, ahesabu mwenyewe. Mtu huamini kidole chake kuliko cha mjane. Na mwambie Fundi asiiguse kamera, hata vumbi asifute.

Ukiulizwa, jibu la gari tu. Mengine sema hujui, nawe kweli hujui. Baiskeli ni chuma tu, haina la kusema.

Nakuombea usingizi.

Kaka yako


Jumatatu, tarehe 24 Juni

Kaka,

Walikuja. Mpimaji wa mahakama, mwanamke mfupi, mkali kama siki, na saa yake mwenyewe. Alihesabu mpaka watoto wa shule wakapita kwenda na kurudi. Akapata ishirini na tano. Akaandika sabini na mbili kwa wino, akapiga mhuri, akaniuliza nilisomea wapi. Nikasema kwa Fundi.

Honi imenyamaza. Pikapu sasa inapitia barabara ya nyuma, kwenye mashimo. Nilipoambiwa nilicheka mpaka Chiriku akaja kunishika mashavu aone kama nalia. Nafurahi kaka, nafurahi vibaya, na sioni aibu.

Lakini wakili wa mwenye pikapu naye hajalala. Ameomba aione baiskeli. Iko uani kwa kituo cha polisi, imeegeshwa chini ya bati. Mwendesha mashtaka akaniuliza, "Mama, ile baiskeli ilikuwa nzima?" Nikasema sijui, kama ulivyoniambia. Aliniangalia kidogo.

Basi nimekuasi. Nimeangalia picha zilizobaki. Pale gari linapofika nguzo ya pili ndipo na yeye anachomoza kwenye kona ya ukuta, anatoka kichochoroni, kule kunakoteremka. Ana picha arobaini na tano tu kuanzia pale mpaka mwisho. Nimeziangalia zote. Karatasi ni ya uongo, kaka. Aliangalia. Uso wake umegeukia gari tangu picha ya kwanza.

Na miguu yake yote miwili iko chini. Anakwangua lami kwa ndala, mikono imekamata breki mpaka vidole vimepinda.

Mtu mwenye breki hasimamishi baiskeli kwa miguu.

Ile baiskeli ilitoka kwako, ulitupa siku ya harusi. Desemba ulipokuja, aliniambia waya wa breki umekatika, akasema, "Shemeji anao kwenye begi, tutaufunga kesho kabla hajaondoka." Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nawapakulia chakula. Nataka uniambie kama mlifunga.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 28 Juni

Mdogo wangu,

Hatukufunga.

Asubuhi ile nilichelewa basi. Alinisindikiza mpaka stendi kwa baiskeli hiyohiyo, begi langu kwenye kibebeo, waya ndani ya begi. Kule kwenye mteremko alishusha miguu, akacheka, akasema, "Breki za Mungu hizi, shemeji." Na mimi nikacheka. Nilikumbuka waya nikiwa nimeshakaa kitini, basi limeondoka. Nikasema nitautuma. Januari ikapita, Februari ikapita. Machi nikapigiwa simu.

Waya uko kwenye droo yangu ofisini. Kila siku napima makosa ya madereva wa watu, mkono ukigusa droo ile natoa haraka.

Nilikwambia uache baiskeli siyo kwa huruma. Nilitaka usijue. Kama breki ingeshika, angesimama pembeni ya ukuta. Hiyo nayo ni hesabu, nimeifanya.

Nitukane. Nimeacha nafasi hapo chini.

Kaka yako


Jumatatu, tarehe 1 Julai

Wewe,

Sina matusi, na hiyo nafasi yako nimeikata nimefungia sindano.

Miezi mitatu nimekuwa nikimtafuta muuaji barabarani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ulisimama kaburini ukanishika bega. Mkono huohuo.

Sasa nisikilize. Wakili anakwenda kituoni Jumatatu ijayo. Mlinzi wa pale ananijua, nilimshonea sare. Lete ule waya. Uje Jumapili, tuufunge wewe na mimi, tupake na grisi. Ulidaiwa kuufunga, utaufunga. Baiskeli itakuwa nzima, na yule mwendawazimu atabaki na sabini na mbili yake peke yake bila pa kujificha.

Ukinikatalia hili sina kaka.


Alhamisi, tarehe 4 Julai

Mdogo wangu,

Sileti.

Usichane kwanza. Waya mpya kwenye fremu yenye kutu ataujua hata mtoto. Yule mpimaji mkali kama siki atauona kabla hajavaa miwani. Na wakishaona tumechezea baiskeli, watasema tumechezea na kamera, na saa, na vifungo. Sabini na mbili yako itakufa, dereva atarudi na honi yake, na safari hii atakuwa na haki ya kuipiga.

Lakini hiyo siyo sababu yangu kubwa. Jana nilikaa nikafanya hesabu niliyokuwa naikimbia. Chukua kalamu unifuate.

Baiskeli ilipochomoza, pikapu ilikuwa nguzo ya pili. Kutoka pale mpaka alipomgonga ni mita thelathini na sita, iko kwenye mchoro wa polisi. Dereva yeyote akiona kitu hushtuka kwanza, mguu utoke kwenye mafuta uje kwenye breki. Tunampa sekunde moja na nusu. Kwa sabini na mbili, muda huo wa kushtuka tu ulikula mita thelathini. Zikabaki sita. Gari lenye mwendo ule kwenye lami kavu linataka ishirini na tisa mpaka lisimame. Hakuwa nazo.

Sasa mweke kwenye hamsini, ile inayoruhusiwa. Kushtuka mita ishirini na moja. Kusimama mita kumi na nne. Jumla thelathini na tano.

Alikuwa na thelathini na sita.

Angesimama, mdogo wangu. Na baiskeli ikiwa vilevile, bila breki, na shemeji anakwangua kwa ndala. Angesimama mita moja kabla yake, wangetukanana, kila mtu angekwenda zake.

Hiyo hainifuti mimi. Ningeleta waya, angekuwa hai. Lakini na yule angeshika hamsini, angekuwa hai. Wote wawili tulikuwa na nafasi.

Tarehe 10 nakuja. Nikiitwa nitasema ya waya.

Kaka yako


Jumapili, tarehe 7 Julai

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Basi la Jumanne jioni nitalipanda hata hivyo. Kama hunitaki nyumbani nitalala kwa Fundi, juu ya vitambaa.

Kaka yako


Jumatano, tarehe 10 Julai, kwenye benchi la mahakama

Kaka,

Nimeambiwa basi lenu limeharibika njiani ila mnakuja. Hii namwachia Fundi akupe mlangoni, kwa sababu nikikuona uso kwa uso sitajua kama nikupige au nikulilie, na leo sina muda wa vyote viwili.

Dereva amekaa benchi la mbele yangu. Amevaa shati jeupe, limepigwa pasi na mtu anayempenda. Mkewe amemletea maji kwenye chupa. Nilidhani nitamwonea huruma nikimwona mkewe. Sikumwonea. Nilimwangalia mpaka akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Jumapili sikwenda kituoni. Nilikaa na karatasi yako, nikaifanya hesabu upya kwa kalamu yangu, nikakosea kwenye mita za kushtuka, nikarudia. Thelathini na tano. Halafu leo asubuhi kabla mlango haujafunguliwa nikamwendea mwendesha mashtaka, nikamwambia mwenyewe: baiskeli haikuwa na breki, waya ulikuwa kwa kaka yangu, na kaka yangu anakuja kusema. Akashika kichwa. "Mama, umempa wakili kisu." Nikamwambia wakili amekiona kisu hicho tangu Jumatatu, mimi nimekitoa makali tu. Nikampa hesabu yako. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena amekaa. Kisha akaninong'oneza nisimwonyeshe mtu uso wangu wa furaha.

Sikufanya kwa wema, usinisifu. Nilitaka kufunga waya ule, na kama ungeuleta ningeufunga. Lakini nimefikiri. Jela atatoka. Leseni hata wakimnyang'anya, baada ya miaka atairudisha. Ile mita moja hatairudisha. Nataka aisikie kutoka kwa hakimu, kwa sauti, mbele ya mkewe, kwamba ilikuwepo na aliila yeye. Ningedanganya ya breki, angeweza kwenda nyumbani akajiambia wajane ni waongo. Sasa hana hata uongo wangu wa kujifunika. Alale nayo, aamke nayo, akunje kona nayo.

Na wewe utasema ya waya. Wakili atakuuliza: ungeuleta, shemeji yako angekuwa hai? Utasema ndiyo. Usizungukezunguke, usiseme pengine. Mama yetu yuko hapa, atasikia. Sijakusamehe. Siku nitakayokusamehe nitakuandikia, na kabla ya siku hiyo usiniulize, hata kwa macho. Ila chakula chako nimekiweka kwa Fundi, kimefunikwa, na Chiriku anauliza mjomba atakuja na nini.

Mlango umefunguliwa. Karani anaita kesi yetu, ana sauti ya mtu anayeuza nyanya. Ngoja. Fundi amekuwekea nafasi benchi la mbele, upande wa kulia. Usikae nyuma kama mgeni. Mimi nitakuwa kushoto. Ameita tena, nimemwambia nakuja. Nataka akigeuka huku anione mimi, akigeuka kule akuone wewe ambaye umekubali lako, na akitazama mbele amsikie hakimu akisoma kwamba alikuwa na mita thelathini na sita, na kwa mwendo wa haki alihitaji